Hukumu ya Watu na Hukumu ya Mungu

Tarehe 16 Julai 1950, katika uwanja wa Maracanã mjini Rio de Janeiro, Brazili ilipambana na Uruguai katika mchezo wa kuamua Kombe la Dunia. Brazili walihitaji sare tu. Walitangulia kufunga, Uruguai wakasawazisha. Zilipobaki dakika kumi na moja, Alcides Ghiggia wa Uruguai alikimbia na mpira upande wa kulia. Mlinda mlango wa Brazili, Moacir Barbosa, alidhani mpira utarushwa katikati, akasogea hatua moja. Ghiggia akaupitisha kati yake na mwamba. Mabao mawili kwa moja. Uwanja mzima ukanyamaza.

Barbosa alifariki mwaka 2000, na wengi walikuwa hawajamsamehe. Alizoea kusema kwamba kifungo kirefu kuliko vyote katika nchi yake wakati huo kilikuwa miaka 30, lakini yeye ametumikia hamsini kwa kosa ambalo si uhalifu.

Tazameni hukumu ya watu! Kukosa mpira si dhambi, wala hakuna amri ya Mungu iliyovunjwa. Hata hivyo, hatua moja ilifuta kazi njema ya miaka mingi.

Mtume Petro alikosa zaidi, maana alimkana Bwana wake mara tatu, akatoka akalia kwa uchungu. Je, Bwana alipofufuka alimkumbusha moto ule wa uani kwa Kuhani Mkuu? La. Alimwuliza mara tatu kama anampenda, kisha akamkabidhi kondoo wake. Yuda naye alijuta, lakini alijihukumu mwenyewe bila tumaini, na majuto yake yakamwangamiza. Majuto pasipo neema ni gereza. Majuto pamoja na neema ni mlango. Mchezaji hawezi kuurudisha mpira uliokwisha pita, bali mwenye dhambi akitubu kwa moyo, dhambi yake huondolewa kabisa katika Sakramenti ya Kitubio.

Lakini tusijidanganye. Hukumu ipo, na filimbi ya mwisho italia saa tusiyoijua. Anayeahirisha kitubio mwaka hata mwaka anachezea muda usio wake.

Tena tujiulize: Je, nyumbani mwetu hakuna Barbosa? Pengine ni kijana aliyepoteza ada ya shule, au binti aliyeanguka kisha akarudi, au mume aliyeacha ulevi zamani. Kila ugomvi ukizuka, kosa lile lile hutolewa tena. Tumesamehe kwa mdomo, huku moyoni tumetunza hesabu. Kumbe kila tusalipo Baba Yetu, twamwomba Mungu atusamehe kwa kipimo kile kile tunachowapimia wenzetu. Ole wetu akitusikiliza!

Basi usiku wa leo, kabla ya sala ya jamaa, wazazi na watoto, tumwite yule tuliyemfunga kwa kosa la zamani. Tumwambie kwamba kifungo chake kimekwisha. Ndipo tupige magoti pamoja.