Mapenzi ya Kuhesabu Pointi

Kuna aina ya hadithi ambayo wengi wetu huisoma usiku, earphone masikioni, na mchana hatuitaji. Wacha niiite riwaya ya picha. Mhusika amechorwa kuanzia kiunoni kwenda juu, nyuma yake kuna mandhari yasiyosonga, chini ya skrini kuna kisanduku cha maandishi, na muziki unapiga polepole. Unabofya, sentensi inakuja. Unabofya tena. Baada ya nusu saa, au saa tatu, hadithi inasimama na kukuuliza: utamwambia ukweli au utanyamaza? Ukishajibu, inashika tawi moja na kuliacha lingine. Nyingi hutoka Japani, ingawa siku hizi zinaandikwa kila mahali. Na nyingi huuzwa kama hadithi za watu wazima, neno ambalo wauzaji hulitumia kwa maana moja tu: kuna ngono ndani.

Swali langu si kama ni dhambi. Hilo wachungaji na mama zetu walishalijibu. Mimi nataka kujua kama hadithi inayokuruhusu kuchagua, kisha kurudi nyuma na kuchagua tena, inaweza kusema lolote la kweli kuhusu kuchagua. Swali linakuwa gumu zaidi pale kinachochaguliwa kinapokuwa mtu.

Tuanze na kurudi nyuma. Riwaya nyingi za aina hii hutengenezwa kwa Ren'Py, programu ya bure iliyoanzishwa na Tom Rothamel mwaka wa 2004. Ukizungusha gurudumu la kipanya, mazungumzo yanarudi kinyumenyume, sentensi kwa sentensi, hadi pale ulipokosea, na kosa linafutika kama halikuwahi kutokea. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Humu ndani majuto ni jirani tu: unampungia mkono, unarudi kwako. Ukimwambia mtu neno la kumvunja moyo, utaona uso wake ukibadilika (mchoraji amejitahidi, machozi yapo), halafu utalirudisha neno mdomoni na kujaribu lingine. Yeye hatakumbuka. Wewe ndiye utakayekumbuka, na sasa unajua kitakachomfurahisha.

Hapo ndipo penye ubovu mkubwa, na sidhani ni ubovu wa ngono. Ni ubovu wa hesabu. Chini ya maneno kuna pointi zilizofichwa. Ukisifia mchoro wake, moja. Ukikumbuka anachokunywa, mbili. Zikifika kiasi fulani, njia yake inafunguka, na mwisho wa njia kuna kitanda. Watu huandika miongozo mizima ya kueleza ubofye nini, siku gani, ili upate kila mhusika bila kupoteza muda. Mtu amegeuzwa kufuli, na ukarimu umegeuzwa ufunguo.

Hesabu hii tunaijua. Tumeisikia Ijumaa usiku mezani: "Msee, nimemlipia Uber mara ngapi? Birthday yake nimetoa. Na bado ananiambia tubaki marafiki." Sidhani aliifunzwa na gemu, ilikuwepo kabla ya kompyuta, na mahali pengine inaitwa desturi. Lakini gemu inaipa kitu ambacho maisha huinyima: ndani yake hesabu hutoka sawa kila mara. Ukiweka cha kutosha, unalipwa. Anayelipa hana namna ya kusema hapana, kwa sababu hapana yake ni dalili tu kwamba ulikosea kubofya mahali fulani.

Waandishi wazuri wa aina hii wanalijua tatizo hili, na kazi zao bora zimejengwa juu yake. Mfano ninaourudia ni Katawa Shoujo, iliyotolewa bure tarehe 4 Januari 2012 na kundi la watu wa kujitolea waliokutana mtandaoni. Jina lenyewe linakera: katawa ni neno la Kijapani la kumdharau mlemavu. Hisao, kijana mwenye ugonjwa wa moyo, anahamishiwa shule ya wanafunzi wenye ulemavu. Mmoja wao ni Hanako, aliyeungua katika moto uliowaua wazazi wake. Ni mwenye haya, hukimbia watu, na muda wake mwingi hujificha maktaba. Gemu inakupa kila sababu ya kumlinda. Unafikiri unajua mchezo: kuwa mpole, kuwa karibu, usimwache peke yake.

Basi siku moja Hanako anajifungia chumbani. Ukiufuata upole ule, ukaendelea kumwandama na kumgongea mlango kwa wasiwasi, analipuka. Anamfukuza Hisao. Amechoka kuonewa huruma, amechoka kutazamwa kama mtoto asiyejiweza, na hadithi inaisha hapo, vibaya. Kinachouokoa uhusiano ni kumwamini kwamba anaweza kukaa na uchungu wake bila wewe.

Napenda jinsi hili lilivyojengwa. Katika riwaya ya kawaida ningesoma kwamba Hisao alimwonea Hanako huruma kupita kiasi, ningetikisa kichwa na kumlaumu Hisao. Hapa mkono uliogonga ni wangu. Mwandishi amenipa vitendo vinavyoonekana vya wema, amesubiri nivirundike kama akiba, halafu amenionyesha kwamba aliyekuwa akiwekewa akiba hiyo hakuiomba. Sijui riwaya ya karatasi ambayo ingenikamata hivyo. Na bado, gemu hiyohiyo ina njia nyingine, ya Shizune, yenye chaguo moja tu kuanzia mwanzo wake hadi mwisho, na unaisoma kama mtu aliyeketi kiti cha nyuma cha matatu. Ubora haugawanywi sawa hata ndani ya kazi moja.

Kuna sababu ya kawaida kabisa ya jambo hilo: matawi ni ghali. Piga hesabu. Machaguo kumi yenye majibu mawili mawili, kila moja likibadilisha hadithi kwelikweli, yanadai miisho 1,024. Hakuna mwandishi wa kuiandika, kwa hivyo matawi hurudi kuungana. Unamtukana bosi au unamsifu, sentensi mbili zinabadilika, kisha mnajikuta kwenye kikao kilekile. Gemu za siku hizi zinazolipiwa kila mwezi na wafuasi kupitia Patreon zina shida zaidi. Kila mhusika ana mashabiki wanaolipa, na kulifunga tawi lake ni kuwafunga wao mifuko. Basi hakuna mlango unaofungwa. Unaweza kuwapenda wanawake watano kwa mpigo na hakuna anayeuliza, na hadithi hujivuta miaka bila kufika popote. Zile bora kati yake zina vichekesho vizuri na watu unaotaka kukaa nao, hilo sikatai. Lakini penye kila kitu, kuchagua ni kupanga foleni tu.

Uchache wa machaguo mara nyingi hufanya kazi zaidi. Saya no Uta, aliyoiandika Gen Urobuchi mwaka wa 2003, ina machaguo mawili na miisho mitatu, basi. Fuminori ameponea ajali, lakini ubongo wake umeharibika: dunia nzima anaiona kama nyama na usaha, rafiki zake kama mazimwi. Kiumbe mmoja tu, Saya, anamwona kama binadamu. (Saya amechorwa kama msichana mdogo, na gemu inamhusisha na ngono, hilo silitetei, na ni sababu ya kutosha ya mtu kutoigusa.) Chaguo la kwanza ni hili: Saya anaweza kumrudishia macho yake ya zamani. Ukikubali, dunia inakuwa safi tena, naye Fuminori yuko katika chumba cha hospitali ya wagonjwa wa akili, akizungumza na Saya kupitia mlango kwa sababu Saya hataki aonekane alivyo. Huo ndio mwisho "mwema". Ukikataa, unajua unakoelekea. Unaweza kurudi na kujaribu yote mawili, lakini kurudi hakukusaidii kitu, kwani hakuna jibu lenye pointi zaidi.

Nirudi kwenye ngono, maana nimeikwepa. Kipimo changu ni rahisi: iondoe uone kinachoanguka. Fate/stay night ya Kinoko Nasu ilitoka mwaka wa 2004 kama gemu ya watu wazima. Mwaka wa 2007 toleo la PlayStation 2 liliyatoa maonyesho hayo, na hadithi ikasimama imara, pengine wima zaidi. Maana yake hayakuwa sehemu ya nyumba. Yalikuwa mabango tu. Si lazima iwe hivyo. Christine Love, mwandishi wa Canada, katika Ladykiller in a Bind ya mwaka wa 2016, ameandika mazungumzo ambamo majibu hujitokeza na kutoweka kadiri mtu anavyoendelea kuongea. Ukichelewa, nafasi ya kusema imepita, na kunyamaza kwako kumehesabiwa kuwa jibu. Humo kitandani watu huzungumza, huuliza, husimama. Hata hivyo kulikuwa na onyesho ambalo wachezaji walilalamika kwamba halikujali ridhaa, naye Love akalibadilisha. Katika gemu nyingine nyingi hakuna cha kubadilisha, kwa sababu swali la ridhaa halikuulizwa.

Fate nimeitaja kwa ubaya, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. (Nitafichua mambo; ina zaidi ya miaka ishirini, mnisamehe.) Ina njia tatu, nawe huruhusiwi kuzipanga utakavyo: ya kwanza kwanza, ya tatu mwisho. Shirou aliokolewa utotoni kutoka kwa moto mkubwa, na tangu hapo anataka kuwa mtetezi wa watu wote. Njia ya kwanza inaionyesha ndoto hiyo ikiwa nzuri. Ya pili inaigombeza lakini inaiacha hai. Katika ya tatu, tishio kwa mji mzima ni Sakura, msichana anayempenda, na Shirou lazima achague kati yake na wote aliowaapia. Chaguo lile linauma kwa sababu umetumia saa nyingi ukiijenga ile ndoto wewe mwenyewe, mara mbili. Nasu ametumia matawi kama mtu anayebishana na nafsi yake.

Lakini kinachonisumbua ni kingine. Katika njia ya tatu ndipo unapojua Sakura anapitia nini nyumbani kwa akina Matou. Ni mateso ya miaka. Hayakuanza njia ya tatu ilipoanza. Yalikuwepo katika ya kwanza, ulipokuwa ukishinda vita na kumpenda mwingine. Yalikuwepo katika ya pili. Kila uliposhangilia mwisho mwema, alikuwa akirudi katika nyumba ile.

Nimewahi kuirudia njia ya kwanza nikijua hivyo. Hakuna sentensi hata moja iliyobadilika. Asubuhi Sakura anakuja kumsaidia Shirou kupika kiamshakinywa, anatabasamu, wanakula, wanaenda shule. Nilizungusha gurudumu la kipanya nikarudi hadi pale anapoingia, nikasoma tena polepole, nikitafuta mahali pa kumuuliza. Kisanduku cha maandishi kilisubiri nibofye.