Mji Kasoro Bahari na Swali la Mapumziko

Watu wa Morogoro tumezoea kuuita mji wetu "mji kasoro bahari". Maana yake ni kwamba Mungu ameujalia karibu kila kitu: milima ya Uluguru imesimama juu yake kama ukuta wa kijani, mito inashuka, ndizi na mboga hazikosekani sokoni, na jioni hewa inapoa. Kilichopungua ni bahari tu. Huo ni utani wa siku nyingi, lakini ndani yake imo tabia ya mji wenyewe. Morogoro hauna haraka. Hapa ndipo Salum Abdallah alipoongoza bendi ya Cuban Marimba, na mji wa chini ya mlima ukacheza kwa mahadhi ya Kuba, kisiwa ambacho wachezaji wake hawakuwahi kukiona. Wenzetu wa Dar es Salaam, kilometa kama 190 kutoka hapa, huja mwisho wa juma kupanda Morningside na kutazama maporomoko ya Choma, wapate kupumua. Nasi tukijaliwa nafasi twaifuata kasoro yetu: twapita Chalinze, twakata kushoto hadi Msata, kisha twateremkia Bagamoyo.

Kila jumuiya inapopanga safari ya namna hiyo, swali moja huzuka. Mmoja husema: twendeje kutazama bahari wakati paa la kigango halijakamilika na mjane wa jirani hana fedha za dawa? Mwingine hujibu: tumefanya kazi mwaka mzima, tumelima, tumefundisha, tumeuza, je, hata siku mbili za kukaa mchangani ni dhambi? Kikao huisha kwa kupiga kura, lakini kura haijibu swali. Je, Mkristo ana haki ya kustarehe wakati mwenzake anahangaika?

Tuanze na anayetetea mapumziko, kwa sababu Maandiko yanamuunga mkono zaidi kuliko tunavyodhani. Nabii Eliya alipochoka hadi akaomba kufa, jambo la kwanza Mungu alilomfanyia halikuwa kumhubiria. Alimwacha alale, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena. Mitume waliporudi kutoka kazini, Bwana aliwaita waende naye mahali pasipo watu, kwa kuwa hawakuwa na nafasi hata ya kula. Na kule Bethania, mwanamke alipommiminia Bwana marhamu ya thamani, waliouliza kwa nini isiuzwe wakapewa maskini ndio waliokemewa. Mkristo anayehesabu kila furaha kuwa wizi kwa maskini hatawafaa maskini hao kwa muda mrefu. Atachoka, na uchovu wake utageuka uchungu.

Lakini amri ya kupumzika, kama ilivyoandikwa katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5, ina jambo ambalo aghalabu tunalisoma haraka. Haimtaji baba mwenye nyumba peke yake. Inamtaja mwana na binti, mtumwa na mjakazi, ng'ombe na punda, hata mgeni aliyemo malangoni. Tena inatoa sababu: kumbukeni kwamba nanyi mlikuwa watumwa Misri. Kwa hiyo Sabato si zawadi ya mtu mmoja mmoja, kila mtu akapumzike kadiri ya mfuko wake. Ni ya nyumba nzima. Kama bwana amelala kivulini huku mjakazi wake anatwanga, amri imevunjwa, ingawa bwana mwenyewe hakuinua hata kidole.

Hapo ndipo Bagamoyo inapotufundisha. Wengi husimulia kwamba jina lake linatokana na maneno "bwaga moyo". Wapo wanaoyaeleza kwa furaha: wapagazi waliotembea miezi kutoka Unyamwezi na Ujiji, pembe za ndovu mabegani, walipofika pwani walitua mizigo na mioyo yao ikatua pamoja nayo. Wapo wanaoyaeleza kwa majonzi: mateka waliofungwa minyororo walipoiona bahari na majahazi ya kuwavusha kwenda Unguja, walijua kwamba kurudi hakupo tena, wakaiacha mioyo yao pale. Hatuna haja ya kuchagua simulizi moja na kuitupa nyingine, kwa maana mambo yote mawili yalitendeka pwani hiyohiyo. Mahali palepale palikuwa pumziko la mmoja na mwisho wa mwingine, na waliweza kufika katika msafara mmoja.

Tusidhani pia kwamba hayo yalikuwa ya wenzetu wa pwani. Misafara ilipita chini ya Uluguru, karibu na mji wa Simbamwene ulioanzishwa na Kisabengo, mahali ilipo Morogoro ya leo. Stanley aliupitia mwaka 1871. Pembe zilizopita hapa zilivuka bahari hadi Ulaya na Marekani, zikawa vibonye vya piano na mipira ya biliadi, yaani vitu vya starehe sebuleni. Nabii Amosi aliwahi kuwakemea waliolala juu ya vitanda vya pembe, wakila na kuimba, bila kuugua kwa ajili ya mateso ya ndugu zao. Hakuwakemea kwa sababu walikuwa na vitanda. Aliwakemea kwa sababu hawakuugua.

Mwaka 1868 Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika Bagamoyo, wakaanzisha misheni na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kuzuia kusafirisha watumwa baharini. Katika miaka ya 1880 mapadri haohao wakafungua misheni hapa Morogoro. Imani yetu, basi, ilipanda kutoka pwani kwa njia ileile ambayo minyororo ilishukia. Tunapokwenda Bagamoyo kustarehe tunaifuata njia hiyo, na ingekuwa ajabu tuifuate bila kuuliza swali moja: nani anachoka ili mimi nipumzike?

Swali hilo si la karne iliyopita. Mtazame mama anayekaanga samaki pale sokoni tangu alfajiri, macho yakiwa mekundu kwa moshi. Mtazame dada anayetandika vitanda vya nyumba ya wageni, na kijana anayeturudisha kwa mashua baada ya kutazama mikoko. Mtazame hasa dereva wa kosta yetu. Tumeondoka saa kumi usiku, tumeimba njia nzima, tumekwenda kuona magofu ya Kaole na misikiti yake ya kale, tumeogelea, tumekula, na saa mbili usiku tunataka kurudi ili kesho tuwahi Misa. Sisi tutasinzia. Yeye ndiye atakayekesha kuitazama barabara kuu ya Chalinze pamoja na malori yake. Tumeita safari hiyo mapumziko, na mtu mmoja ndani ya gari hakupumzika kabisa. Kwa kipimo cha Kumbukumbu la Torati, nyumba yetu haikuishika Sabato.

Najua jibu linalotolewa: hao wote wanalipwa, na bila wageni wangekosa riziki. Ni kweli, wala si jambo dogo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na fedha ya mgeni imesomesha watoto wengi pwani. Lakini methali hiyo inaweka sharti: mwenyeji apone. Kama mgeni amekuja na mwenyeji amebaki na homa yake, kuna kilichoharibika. Mtu anayebishana robo saa na mchonga vinyago ili apunguziwe shilingi elfu mbili, kisha akaagiza soda mbili bila kuuliza bei, hakuokoa fedha. Amemfundisha yule mchongaji kwamba kazi ya mikono yake ndiyo pekee inayostahili kubishiwa. Malipo humaliza deni la fedha. Deni la kumtambua mtu kuwa mtu halimalizwi na risiti.

Wenyeji wa Morogoro tunaweza kulielewa jambo hili kuliko wengi, kwa sababu hata sisi hutembelewa. Mto Ruvu huanzia katika milima yetu ya Uluguru na kumwaga maji yake Bahari ya Hindi, karibu na Bagamoyo. Sehemu kubwa ya maji ya Dar es Salaam hutoka katika mto huo. Kwa hiyo bahari tunayoikosa hapa inapokea kila siku maji yaliyotoka kwetu, na mkazi wa jiji anayefungua bomba ananyweshwa na mlima ambao pengine hajawahi kuupanda. Ili maji hayo yaendelee kushuka, mkulima wa Mgeta, Tegetero au Kinole huambiwa asilime kingo za vijito, asikate msitu, asichome moto. Ushauri huo ni sahihi. Msitu wa Uluguru una mimea na viumbe, akiwamo ndege mmoja wa jamii ya mbwigu, wasiopatikana mahali pengine popote duniani. Lakini ni vema kukumbuka ni nani anayebeba uzito wake. Mama anayeshuka na tenga la ndizi kichwani, kwenye njia ya utelezi, anabeba pia utulivu wa watu wasiomjua. Halafu siku ya Jumamosi mgeni hukutana naye njiani, humpiga picha bila kumsalimu, akaendelea kupanda kuelekea maporomoko.

Tunajua inavyouma kupigwa picha bila salamu. Tunajua pia furaha ya mgeni anayesimama, akaamkia "shikamoo, mama", akauliza habari za nyumbani, akanunua ndizi kwa bei iliyotajwa. Huyo naye amekuja kustarehe, wala hakupunguza starehe yake. Basi tukifika pwani tuwe mgeni wa namna hiyo ambayo sisi wenyewe tungependa kumpokea.

Turudi sasa kwenye kikao cha jumuiya, maana swali la paa na dawa bado liko mezani. Sidhani kwamba linajibiwa kwa kufuta safari. Fedha za safari iliyofutwa mara nyingi haziendi kwa mjane. Hubaki mifukoni na kuisha kidogo kidogo. Linajibiwa kwa kuipanga safari kama watu wa Sabato. Dereva apewe mahali pa kulala, turudi asubuhi. Bei isiyo ya haki tusiifurahie hata kama inatufaa. Mchango wa dawa utolewe kwanza, kabla ya mchango wa kosta, ili anayekwenda aende na moyo mweupe. Na jambo la nne ni zito kuliko yote: tuulize ni nani hajawahi kuiona bahari.

Katika kila jumuiya yupo. Ni bibi aliyefagia kanisa miaka thelathini, aliyetoa zaka kwa fedha za maharage, na ambaye anaisikia bahari katika masomo ya Dominika bila kujua ukubwa wake. Hatuandikishwi katika orodha kwa sababu ya wema wetu. Tunaandikishwa kwa sababu tuna nauli, naye hana. Kama kila mmoja akiongeza kidogo, kiti chake kinapatikana. Wapo watakaosema ni gharama isiyo ya lazima. Lakini ile Sabato ya Kumbukumbu la Torati ilifika hadi kwa mjakazi na mgeni, watu ambao hawakuwa na uwezo wa kujinunulia siku moja ya kupumzika.

Mji wetu utabaki kasoro bahari, na hilo halitudhuru. Pumziko linalomwacha mtu nje nalo lina kasoro, na kasoro hiyo, tofauti na ile ya bahari, Mungu ameiweka ndani ya uwezo wetu.