Nani Kasema Hiyo ni Kelele?

"Boss, nimekusafishia mpaka ikang'aa," fundi aliniambia, akinirudishia kaseti yangu na flashi. Ilikuwa Jumapili, siku ambayo soko la Kibuye hufurika, na kibanda chake kimebanwa kati ya wauza spika na maseremala wa vitanda. Nikavaa hedifoni.

Nyatiti ya babu ilisikika safi ajabu. Nyuzi zote nane ungeweza kuzihesabu. Nikasubiri pale ambapo mama humkatiza. Wimbo ukapita, ukaisha. Mama hakuwepo.

Kwa asiyejua: mpiga nyatiti hukaa kwenye kigoda, kidole cha mguu kimevaa pete ya chuma anayoigonga kwenye ala yenyewe. Na wasikilizaji hawakai kimya. Mtu huinuka, hutoa hela, husimamisha muziki ajisifu au amsifu mwenzake, kisha wimbo huendelea. Sisi Waluo tunaita pakruok. Kwenye kaseti hiyo mama yangu anainuka, analipa, anamsifu babake. Sina sauti yake nyingine popote.

Fundi hakuwa mjinga. Pakruok anaijua kuniliko. "Lakini watu siku hizi hawana subira," alisema. "Wakisikia maneno mengi wanaruka." Kwa hiyo programu iliondoa mvumo wa kaseti, naye kwa mkono wake akaondoa watu.

Nilirudi nyumbani na hasira, tayari kuapa kwamba mambo ya zamani yalikuwa ya kweli na dijitali ni uongo mtupu. Wapo marafiki zangu wanaokusanya santuri ambao wangenipigia makofi. Shida ni kwamba si kweli. Santuri ndogo za benga za miaka ya 1970 zilibeba dakika chache tu kila upande, ndiyo maana nyimbo nyingi zilikatwa vipande viwili: unasikiliza sehemu ya kwanza, unageuza, unasikiliza ya pili. Benga ya D.O. Misiani na Shirati Jazz tuliyorithi kwenye santuri hizo ilipimwa itoshe plastiki. Mlevi wa kujisifu robo saa hakuwa na nafasi humo. Hata kaseti yangu ina dhambi yake. Mwanzoni kabisa kuna kipande cha salamu za redioni, maana ilikuwa imeshatumika. Kuna watu walisalimiana pale, wakafutwa ili babu aingie.

Basi tofauti iko wapi? Nadhani iko kwenye sababu. Aliyefuta zile salamu hakuwa na kaseti nyingine. Hakuwa amewahukumu wale watu. Fundi wangu ana laptopu inayoweza kumeza maelfu ya saa za sauti. Mama angekaa humo bila kumbana yeyote. Ukikata wakati nafasi ipo tele, huwezi tena kulaumu plastiki. Umesema wewe mwenyewe nani ni muziki na nani ni kelele. Na hiyo pete ya chuma je? Mgeni asiyeijua angeisikia kama hitilafu, aifute, na nusu ya nyatiti iende nayo.

Ila kuna jambo linalonisumbua. Usiku ule nilituma toleo safi kwenye grupu ya familia. Binamu zangu, ambao kwa miaka hawakuwahi kuulizia kaseti ile, wakalicheza mpaka usiku wa manane. Mmoja aliliweka kwenye status. Hakuna aliyeuliza mama yuko wapi. Je, afadhali babu anayesikilizwa bila binti yake, au wote wawili wakiwa wamefungiwa sandukuni? Sikupata jibu, na sidhani jibu langu lingewahusu wao.

Jumapili iliyofuata nilirudi Kibuye kuomba ile sauti ya kwanza, kabla ya kusafishwa.

"Hiyo nilifuta, boss. Ilikuwa inanijazia mashine."

Kaseti ilikuwa mfukoni mwangu. Akaichukua, akapitisha pamba kwenye utepe, akanionyesha: unga wa kahawia. Ndiyo hiyo sauti inabanduka, alisema. Anaweza kuipiga mara moja tena, lakini haahidi kitu. Ikikatika, imekatika.

Nikamwambia aiweke, na safari hii asiguse chochote.