Ujira wa Kitu cha Bure

Mfanyabiashara mmoja wa huku kwetu Likoni amekataa kunimalizia pesa zangu, na sababu aliyoitoa imenikera kuliko hasara yenyewe. Nilimtengenezea tovuti ya nyumba zake za kupangisha wageni. Tulipatana bei, akatoa nusu. Tovuti ilipokamilika na wageni wakaanza kulipia vyumba kwa M-Pesa, nikamwendea kudai salio.

"Lakini kijana, si wewe mwenyewe uliyeniambia hizo programu zote ni za bure?" akanijibu. "Na kusoma umejisomea, hukulipa karo popote. Sasa pesa hizi nyingine ni za nini?"

Nikamwambia, "Ni za kazi, mzee." Akacheka, akaniagizia chai.

Basi swali ni hili: kitu kilichopatikana bure chaweza kumpa mtu haki ya kulipwa? Tofauti ya bei na thamani naichukua kama inavyofundishwa madarasani, sina ugomvi nayo. Tena mzee angeniambia kazi ina kasoro, ningeirekebisha. Angeuliza nani ataitunza tovuti nikihamia Nairobi, au atapimaje ujuzi wa mtu asiye na cheti, ningekiri kwamba hayo ni maswali ya haki. Hakuuliza hata moja. Alishika neno bure akaling'ang'ania, kwa hiyo nami nitakaa hapohapo.

Hoja yake ina sehemu mbili. Ya kwanza ni vyombo vya kazi. Mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, alitangaza kwamba anaunda mfumo wa kuendeshea kompyuta, kwa kujifurahisha tu. Mwaka uliofuata akauweka chini ya leseni ya GPL, inayomruhusu yeyote kuutumia, kuuchungua, kuubadilisha na kuugawa. Mwaka 1993 maabara ya CERN, alikofanya kazi Tim Berners-Lee, ikaiachilia teknolojia ya wavuti itumiwe na walimwengu wote bila ada. Tovuti ya mzee imesimama juu ya zawadi hizo mbili, wala sikumficha. Lakini simu aliyoishika mkononi akinikatalia ni ya Android, na kiini cha Android ni Linux hiyohiyo. Alipoinunua hakumwambia mwenye duka kwamba ndani mna kitu cha bure, kwa hiyo ampunguzie nusu.

Hata waasisi wa jambo hili hawakuwaza kama yeye. Richard Stallman, aliyeiandika GPL na ambaye tangu 1983 anahubiri uhuru wa programu, katikati ya miaka ya 1980 alikuwa akiuza kanda za programu yake ya Emacs kwa dola 150 kila moja. Aliyekuwa na mtandao aliweza kuichukua bila kulipa hata senti. Aliyetaka atengenezewe kanda na kutumiwa, alilipia kutengenezewa na kutumiwa. Stallman hakuona mgongano wowote hapo, nami siuoni.

Sehemu ya pili ndiyo inayoniuma: ati kwa kuwa sikulipa karo, elimu yangu haikunigharimu kitu. Kompyuta niliyojifunzia ni kuukuu, na Windows ilikuwa imeielemea. Nilipoiwekea Linux ikawa nyepesi, lakini waifai ikafa. Kadi yake ilikuwa ya Broadcom, na draiva yake haikuja pamoja na mfumo, ilibidi ishushwe kutoka kwenye intaneti. Sasa intaneti utaipata wapi bila waifai, na waifai itawaka vipi bila draiva? Nilijinasua kwa kuchomeka simu kwa waya wa USB, kompyuta ikatumia bando la simu, draiva ikashuka. Bando lile nililinunua, na usingizi niliokosa haukurudi.

Na elimu hiyo ndiyo iliyohitajika kwenye tovuti ya mzee mwenyewe, ambako malipo yalikuwa yakigoma. Mfumo wa Safaricom unaopokea maombi ya M-Pesa kutoka kwenye tovuti unataka namba ya simu ianze na 254. Mgeni huandika 07, kama anavyoitaja namba yake siku zote. Mwingine hutia alama ya kujumlisha, mwingine huacha nafasi katikati. Niliandika mistari michache ya PHP ya kufuta nafasi na alama, kuondoa sifuri ya mbele na kuweka 254 mahali pake. Mistari hiyo haina rangi wala picha, na mzee hajawahi kuiona. Bila hiyo, mgeni angebonyeza kitufe cha kulipa, asubiri, kisha aende kwa jirani.

Kama karo ndiyo inayohalalisha ujira, basi daktari aliyesomeshwa kwa ufadhili atibu bure maisha yake yote, na aliyelipa karo ghali akatoka mtupu alipwe vizuri kwa kutojua. Mzee hawezi kuikubali hesabu hiyo, maana nyumba zake mwenyewe zimesimama kwenye kiwanja cha urithi na bado anatoza kodi.

Tena sisi wa Likoni tungepaswa kuwa wa mwisho kuchanganyikiwa. Mwenda kwa miguu huvuka feri bila nauli, magari ndiyo yanayolipa. Sijasikia abiria akidai kwamba kwa kuwa yeye amevuka bure, basi na nahodha asipewe mshahara. Mahali popote penye bure, yuko mtu aliyeigharamia.

Na hapa niruhusiwe kutoka njiani kidogo, maana suala hili lina historia niipendayo. Zaidi ya miaka elfu moja iliyopita wanazuoni wa Kiislamu walibishana kama mwalimu wa Qur'ani anaweza kupokea ujira. Abu Hanifa na wanafunzi wake walikataa, wakisema kufundisha Qur'ani ni ibada, na ibada hailipiwi mshahara. Imamu Shafi, ambaye madhehebu yake yanafuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu, aliruhusu. Kinachonivutia ni yaliyofuata. Wahanafi wa baadaye nao waliruhusu, kwa kuwa posho waliyokuwa wakipewa walimu kutoka hazina ya umma ilikatika, wakaona elimu itapotea. Yaani bure ya mwanzo ilikuwa na mlipaji wake, na alipoondoka, hukumu ikabidi iangaliwe upya. Hata leo mzazi wa Kisauni humpelekea maalim wa chuoni alichojaliwa, na hadhani kwamba ameinunua Qur'ani.

Kisa hicho kinanisaidia, lakini pia kinanigeukia. Waliotengeneza programu ninazozitumia wanalipwa na nani? Mwaka 2014 iligunduliwa kasoro iliyoitwa Heartbleed katika OpenSSL, programu inayolinda mawasiliano ya tovuti nyingi duniani. Ndipo watu wakajua kwamba ilikuwa ikitunzwa na mafundi wachache mno, na michango waliyokuwa wakipata ilikuwa kama dola 2,000 kwa mwaka. Ikiwa mzee anadaiwa na mimi, basi mimi nadaiwa na watu kama hao. Leseni inasema sidaiwi kitu, lakini dhamiri haikutia sahihi kwenye leseni. Deni la mtu asiyedai hulipwa vipi, na kwa nani? Huenda kupokea bure kunanifunga nami nitoe kitu bure. Lakini kwa nini nimtolee mzee, tena kwa kunyimwa salio baada ya kupatana bei?

Sijalimaliza swali hili. Kwa vijana wa Changamwe, Kisauni na Likoni mnaojifunza kazi hii wenyewe, nina neno moja tu. Mteja akiuliza programu ni bei gani, mwambieni ukweli kwamba ni za bure. Kisha kabla ya kuanza andikeni kwenye karatasi kazi ni ipi, bei ni ngapi na salio litalipwa lini, mtie sahihi nyote wawili.