Usipokuja Utaulizwa

Shule zikifungwa kwa likizo ya mwisho wa mwaka, swali huwa lilelile kanisani, sokoni Kithyoko na kwenye makundi ya WhatsApp ya wazazi: hawa watoto wakubwa tuwapeleke wapi? Tuisheni ya likizo ilipigwa marufuku na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 (tusiulizane inakwepwa vipi). Asubuhi wanalima, jua likipanda wanarudi kivulini na simu. Ndipo mzazi mmoja husema, kwa sauti ya mtu aliyegundua dawa: si watafutiwe mahali wajitolee?

Wazo lenyewe nalipenda. Namna tunavyolitekeleza ndiyo hainipendezi. Tunawakusanya vijana wa miaka 15 na 16 sokoni, tunawavika fulana zenye jina la mfadhili, wanaokota karatasi za nailoni kwa saa mbili, mheshimiwa anawasili amechelewa, picha zinapigwa, soda zinagawanywa, watu wanatawanyika. Jumatatu taka zimerudi. Kijana naye amejifunza jambo moja ambalo hatukukusudia kumfunza: kwamba asipokuja, hakuna kitakachopungua isipokuwa soda moja.

Tarehe 13 Novemba 2023 nchi nzima ilipewa mapumziko ili tupande miti, katika mpango wa serikali wa kufikisha miti bilioni 15 ifikapo 2032. Hakuna anayepinga mti. Lakini mtu wa Masinga, huku Machakos, anajua kwamba mche uliopandwa Novemba unapata mvua ya wiki chache tu, kisha unakabidhiwa jua la Januari na Februari mpaka masika yarudi. Huku kwetu kupanda ni kazi ya dakika tano. Kazi ya mti ni mtungi wa maji wa Januari, na huo haupigwi picha. Kama kuna jambo la kumpa kijana wa shule ya kutwa, ni miche kumi yenye jina lake na mtu wa kumuuliza inaendeleaje.

Naandika haya nikijua kwamba Ukambani tuna historia ndefu na jambo hili, na nusu ya historia hiyo ni ya uchungu. Katika miaka ya 1930 vilima vya Machakos vilikuwa vimekwanguliwa na mmomonyoko hadi wataalamu wa serikali ya kikoloni wakaandika ripoti za kukata tamaa. Dawa yao ya kwanza ilikuwa kupunguza mifugo kwa nguvu. Mwaka 1938 Muindi Mbingu aliongoza maelfu ya Wakamba hadi Nairobi kupinga, na malipo yake yakawa kupelekwa kizuizini Lamu. Dawa nyingine ilikuwa matuta. Watu walitolewa majumbani kwa amri, siku fulani za wiki, wakachimba pale walipoonyeshwa, kwa mtindo uliochaguliwa ofisini. Mengi ya matuta hayo yalibomoka. Aliyeyachimba hakuwa na sababu ya kurudi kuyatengeneza.

Miaka ya 1950 mambo yakachukua mkondo mwingine. Kazi ilirudishwa kwa mwethya, utaratibu wa kale wa majirani kuitana kulima, kujenga au kuvuna. Makundi yalichagua viongozi wao, wengi wao wakiwa wanawake, yakaamua yaanzie shamba la nani, na wakulima wakaelekea kupenda zaidi fanya juu: unachimba mtaro kufuata usawa wa kilima, udongo unaurusha upande wa juu, na misimu inavyopita shamba linageuka ngazi. Matuta hayo yaliendelea kuchimbwa hata baada ya uhuru, bila kiboko cha chifu. Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu kilichofuatilia Machakos tangu 1930 hadi 1990, na walichokionyesha kiliwashangaza wengi: watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na udongo ulikuwa umetunzwa vizuri kuliko mwanzo.

Jembe lilikuwa lilelile na kilima kilekile. Anayeamua ndiye aliyebadilika.

Hilo nalirudia sana siku hizi kwa sababu ya Gredi ya 10. Wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia sekondari ya juu Januari 2026, na miongoni mwa masomo yao ya lazima, pamoja na Kiswahili, Kiingereza na hisabati, kuna somo la huduma kwa jamii. Wapo wanaocheka: kujitolea gani huku kwa lazima, tena kwa alama? Mimi sicheki. Hata mwethya ulikuwa na ulazima wake. Jirani aliyekwepa kila mara aligundua siku ya kuezeka nyumba yake kwamba hana jirani. Ninachohofia ni mwalimu mwenye wanafunzi wengi kuliko anavyoweza kuwafuatilia, akigawa orodha ya miradi iliyotoka makao makuu na kukusanya picha za ushahidi. Hapo tutakuwa tumechimba tena matuta ya kubomoka. Mwanafunzi akiachwa achague tatizo analoliona kila siku njiani, na akae nalo mwaka mzima, tutazungumza mengine.

Tatizo gani, kwa mfano? Nitataja moja ambalo si la kushangiliwa. Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya kwa miaka mingi imetegemea watu wa kujitolea kupima mvua mashuleni, kwenye misheni, vituoni na mashambani. Kipimamvua hakina maajabu: ni mkebe wa chuma wenye faneli juu na chupa ndani, umesimamishwa mahali pa wazi, mbali na mti na ukuta. Kila siku saa tatu asubuhi msomaji anaitoa chupa, anayamimina maji kwenye glasi ya kupimia, anainama mpaka jicho linyooke na uso wa maji, anaandika milimita. Siku ambayo haikunyesha anaandika sifuri. Masinga sifuri utaziandika mpaka uzichoke, ukurasa mzima, na ni lazima ziandikwe, maana nafasi iliyoachwa wazi haisemi kama mvua haikunyesha au kama msomaji alilala. Ukiruka siku, huwezi kuirudia. Maji ya jana yamechanganyika na ya leo, au yamekauka.

Hiyo ndiyo kazi ningempa tineja. Haihitaji misuli wala nauli. Hata kifaa si lazima kitoke Nairobi: chupa ya plastiki yenye kuta zilizonyooka, ikikatwa juu na kufungwa rula ubavuni, itafaa kwa shamba la nyumbani. Na ndani yake kuna hesabu yenye maana kuliko nyingi za kitabuni. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita mraba. Bati la mita mraba 50 likipata mvua ya milimita 10 limepokea lita 500, yaani mitungi 25 ile ya lita 20. Binti anayebeba mtungi mgongoni, kamba ikimkata kipaji, akilipigia hesabu paa la nyumba yao, hataacha kuuliza kwa nini halina mfereji. Huko ndiko ninakotaka afike. Na baada ya misimu michache kijiji kitakuwa na daftari la kukata ubishi wa wazee kuhusu mwaka gani mvua ilikuwa haba, na la kumsaidia mkulima wa ndengu kujua kama yale manyunyu ya Oktoba yalikuwa mvua ya kupandia au utani.

Kumbuka tunaishi kando ya bwawa kubwa kuliko yote nchini. Bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981, linahifadhi maji ya Tana kwa ajili ya vituo vya umeme vilivyo chini yake, kuanzia Kamburu hadi Kiambere, na likijaa linatandaa kilomita za mraba zipatazo 120. Lakini bado utakutana na punda barabarani wamebebeshwa mitungi. Maji yako machoni, mferejini hayapo. (Hapohapo niseme: usafi wa ufuo wa bwawa si mchezo wa watoto. Kuna mamba na viboko. Anayewapeleka vijana ukingoni ili mradi upate picha nzuri ya maji anacheza na roho za watu.)

Kazi nyingine iko kwenye simu za wazee. Mzee aliyetimiza miaka 70 na kusajiliwa katika mpango wa Inua Jamii hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na fedha hizo zikifika kuna ujumbe wa kusomwa, namba ya siri ya kubonyezwa, na mara nyingi kijana wa dukani anayesema, "Lete simu, susu, nikusaidie." Wapo waaminifu. Wapo pia waliofanya ukarimu huo kuwa biashara. Kijana wa sekondari anaweza kumkalisha nyanya yake, na wa jirani, akamfundisha pole pole mpaka abonyeze mwenyewe. Sharti ni moja: anayefundisha aweke mikono nyuma. Simu ibaki kwa mwenyewe, hata kama itachukua mchana mzima na nyanya atafuta kila kitu mara kadhaa na kumlaumu mwalimu. Namba ya siri asiiangalie, na akiiona asijidai amemsaidia kuihifadhi.

Vyama vya kuwashika vijana mkono havikosekani. Maskauti wako Kenya tangu 1910. Msalaba Mwekundu una vilabu vya vijana. Klabu za 4K, ambazo watu wa rika langu wanazikumbuka kwa bustani za sukuma wiki na wito wa Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, zilianza 1962 na zikafufuliwa 2021. Tuzo ya Rais, iliyoanza nchini mwaka 1966, humpokea kijana kuanzia miaka 14, na katika ngazi ya shaba humtaka awe akitoa huduma wastani wa saa moja kwa wiki kwa muda wa miezi mitatu au zaidi. Naipenda hiyo saa moja. Ni kidogo kiasi kwamba hakuna kisingizio, na inarudi kila wiki. Tatizo la vyama hivi ni kwamba hustawi zaidi katika shule zenye mabweni na walimu wenye nafasi. Shule ya kutwa yenye mwalimu anayefundisha masomo matatu haina wa kuandika fomu. Nayo Huduma ya Vijana kwa Taifa inamngoja kijana afikishe miaka 18.

Kuna jambo ambalo wahamasishaji wa mjini hulisahau. Kujitolea kuna gharama, na gharama hiyo haigawanywi sawa. Ukiitisha mkutano wa vijana saa nane mchana, wavulana watakuja. Wasichana wako mtoni, au wanachambua mahindi ya muthokoi wa jioni, au wamebeba mdogo wao. Kabla hujamwita binti, uliza nani atabeba mtungi wake siku hiyo, na kama kaka yake yuko mkutanoni, jibu unalo. Pia kuna nyumba ambayo kibarua cha kijana, hata cha siku moja, ndicho kinachonunua unga. Huyo usimhubirie moyo wa kutoa. Mwethya ulilijua hilo: aliyeita watu alipika. Sufuria ya isyo, mahindi na maharagwe, ilitangulia majembe shambani, na mwenye shamba aliyepika kidogo alisemwa vibaya kuliko aliyekuwa na mawe mengi. Sasa tunawaita watoto saa mbili, tunawaachilia saa saba na chupa ya maji, halafu tunashangaa kundi limepungua.

Ningependa kuona hili likianzia kwenye kamati zetu za maji. Karibu kila kisima na kila kioski cha maji kina kamati, na karibu kila kamati ni ya watu wazima peke yao. Waingizwe vijana wawili, wa kike na wa kiume, na wapewe daftari: mitungi mingapi imeuzwa leo, fedha ngapi zimeingia, pampu ilikufa lini na fundi aliitwa lini. Asubuhi waandike, jioni wajumlishe, mwisho wa mwezi wasome mbele ya mkutano. Wanajua hesabu, wana muda wakati wa likizo, na shule zikifunguliwa wataandika wa kutwa.

Nimelileta pendekezo hili kwa watu wazima mara kadhaa na pingamizi huwa la upole sana. Watoto watavuruga vitabu, huniambia. Watoto hawawezi kuweka siri. Mzee mmoja, mcheshi kweli, aliniambia, "Mwanangu, ukimpa mtoto kalamu ataandika kila kitu." Nilimjibu kwamba ndiyo maana nawataka wao, na mazungumzo yetu yakahamia kwenye bei ya ndengu.