JE, MUNGU NI WA MLIMANI TU?

(Soma Danieli sura ya 6)

Kijana mpendwa, hebu simama kidogo! Usiikunje karatasi hii kabla hujajibu swali moja: mara ya mwisho ulimwita Mungu lini? Ulipougua? Siku ya mtihani? Polisi walipokukamata? Na shida ilipokwisha, ulimwambia nini?

Mimi ninayekuandikia nilikuwa utingo wa lori. Kila tulipoanza kuteremka mlima Kitonga, tukitoka Iringa, nilikuwa mtu wa maombi kweli kweli. "Ee Mungu tuvushe, nitaacha pombe!" Tukifika Ruaha Mbuyuni penye vitunguu, ahadi imekwisha, chupa iko mkononi. Usiku mmoja breki zilikataa. Nililia kwa sauti. Mungu akatuhurumia, lori likaegemea upande wa mlima, likasimama. Dereva akafuta jasho, akaniambia, "Bwana mdogo, huyo Mungu wako ni wa mlimani tu? Huku tambarare hana kazi?" Dereva yule hakuwa mtu wa kanisa, lakini neno lile lilinichoma kuliko mahubiri.

Sasa nikuulize. Mtu anayekuja kwako akiishiwa pesa tu, akizipata haonekani, utamwita rafiki? Utasema ananitumia. Kama wewe hupendi kutumiwa, kwa nini unamtumia Mungu aliyekupa pumzi?

Mwangalie Danieli. Mfalme Dario alitia sahihi amri: kwa siku 30 mtu yeyote asiombe kwa mungu wala kwa mwanadamu, ila kwa mfalme peke yake. Atakayevunja ni chakula cha simba. Danieli akajua, akaenda nyumbani kwake, madirisha wazi kuelekea Yerusalemu, akapiga magoti mara tatu kwa siku kama kawaida yake.

Utasema, "Ah, siku 30 tu! Si angenyamaza, mwezi ukiisha aendelee?" Haya, bosi wako akikukataza kumwamkia mama yako mwezi mzima, nawe ukakubali, mama ataelewaje? Ataona shikamoo zako zote zilikuwa za mdomo. Danieli hakuwa akimlipa Mungu kodi, alikuwa akiishi naye. Tena hakuanza kujifunza kuomba mbele ya simba. Aliingia mle akiwa anamjua Mungu wake tayari.

Sitakudanganya. Kuokoka si chanjo ya matatizo. Danieli alitupwa kwa simba kwa sababu ya maombi yenyewe! Mimi tangu niokoke nimelala njaa, nimekosa kazi, nimezika. Lakini simwiti tena Mungu kama mtu aliyepotea porini. Nasema na Baba niliyeamka naye asubuhi.

Labda unasema, "Ngoja kwanza niache bangi, niache uasherati, ndipo nije." Mdogo wangu, nani anaoga kwanza ndipo aende mtoni? Njoo hivyo hivyo ulivyo. Kristo alikufa kwa ajili yetu tukiwa bado wenye dhambi (Warumi 5:8).

Anza hivi:

1. Asubuhi, kabla hujatoka, mwambie Mungu habari za siku yako kwa maneno yako ya kawaida.

2. Soma sura moja ya Injili ya Marko kila siku. Ziko 16 tu.

3. Ukianguka mchana, usingoje Jumapili. Tubu pale pale ulipo.

4. Jioni shukuru, hata kama siku ilikuwa mbaya. Tena tafuta watu waliookoka, uombe pamoja nao.

Kama uko tayari, sema nami sasa:

"Bwana Yesu, nimekuita mlimani, nikakusahau tambarare. Nisamehe dhambi zangu. Ingia moyoni mwangu leo. Uwe nami nyumbani, kazini na njiani, siku zote. Amina."

Umeomba kwa moyo? Mwambie mtu leo hii. Na kesho asubuhi, shida ikiwa bado haijabisha hodi, mwite tena.

Mungu akubariki.