Nani Astahili Kufundisha Lugha?

Lugha ni mali ya ajabu. Mtu akigawa shamba lake hubakiwa na sehemu ndogo, lakini akigawa lugha yake hapungukiwi hata na neno moja. Kwa sababu hiyo watu wengi hudhani kuwa kazi ya kuigawa ni nyepesi, na kwamba kila aliye nayo aweza kuwapa wengine. Dhana hiyo ndiyo nitakayo tuipime pamoja, msomaji, maana huenda siku moja nawe ukaitwa kwenda nchi ya mbali kufundisha lugha uijuayo. Siku hiyo itakupasa ujue unasimama kwa haki gani mbele ya watoto wa watu.

Tuanze na Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ifundishwayo ugenini kuliko nyingine zote. Kila mwaka vijana wengi wa Uingereza, Marekani, Kanada na Australia hufunga safari kwenda Japani, China, Hispania, Vietnam na nchi za Kiarabu ili wafundishe lugha yao. Baadhi yao wamesomea ualimu kwa miaka kadhaa. Wengine wana cheti walichokipata kwa majuma machache. Wengine tena hawana kitu ila pasipoti na ulimi waliozaliwa nao. Wote huitwa walimu, na wote hukabidhiwa darasa.

Cheti kijulikanacho sana katika kazi hii ni kile kiitwacho CELTA, nacho hutolewa na idara ya mitihani ya Chuo Kikuu cha Cambridge. Asili yake ni kozi fupi iliyoanzishwa London mwaka 1962 na John Haycraft, ambaye pamoja na mkewe, Brita, alikuwa amefungua shule ya Kiingereza katika mji wa Córdoba, Hispania, mwaka 1953. Zamani zile aghalabu mtu alitiwa darasani kwa sababu tu Kiingereza ni lugha ya kwao, akaachwa apapase mwenyewe. Kozi ile ilikuja kuziba pengo hilo: kabla hujawafundisha watu, kwanza ujifunze namna ya kufundisha. Kozi ya siku hizi huchukua saa 120 hivi, na mtu asomaye kutwa huimaliza kwa majuma manne au matano. Katika muda huo hufundisha wanafunzi wa kweli kwa jumla ya saa sita, huku mkufunzi akimtazama na kumsahihisha.

Zitafakari saa hizo sita. Si za kudharauliwa, kwa kuwa mtu aliyesahihishwa kwa saa sita ana nafuu kubwa kuliko mtu asiyesahihishwa kamwe. Amekwisha kujionea kuwa mwalimu asemaye mno huwanyima wanafunzi nafasi ya kusema. Amekwisha kufundishwa kupanga somo, kuuliza swali lililo wazi, na kungoja jibu bila ya haraka. Walakini wewe mwenyewe husikiliza masomo kwa zaidi ya saa sita katika siku mbili tu za shule. Hakuna mzazi ambaye angefurahi kusikia kuwa daktari wa mwanawe alifanya mazoezi kwa muda wa siku mbili. Basi cheti hicho ni ruhusa ya kuanza kazi, na mtu mwaminifu hukichukua hivyo. Mtu asiye mwaminifu hukichukua kama ithibati kwamba hana tena la kujifunza.

Hapa ndipo lilipo swali la kwanza la wema na ubaya. Vijana wengi huichukua kazi hii kwa kuwa wanapenda kuiona dunia. Kupenda kuiona dunia si dhambi. Wahenga wetu walisema kuwa kutembea kwingi ni kuona mengi. Lakini mtalii akipotea njia hupoteza muda wake peke yake, ilhali mwalimu akipotea hupoteza muda wa watoto arubaini, na mtoto hawezi kurudishiwa mwaka wake. Anayetaka kuona milima ya Japani ana haki ya kuiona. Hana haki ya kuwafanya watoto wa Kijapani kuwa nauli ya safari yake. Akitaka kuyaunganisha mambo haya mawili, sharti safari iwe ndiyo inayongoja na somo liwe ndilo linalotangulia.

Swali la pili ni zito zaidi, kwa kuwa linahusu haki. Mwaka 1995 Korea ya Kusini ilianzisha mpango wa kuleta walimu wa Kiingereza katika shule zake za serikali. Kwa miaka mingi mpango huo uliwachukua raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Australia, New Zealand, Ireland na Afrika ya Kusini. Kenya haikuwamo. Fikiri juu ya mwalimu wa Kenya aliyesoma kwa Kiingereza tangu utoto wake, akahitimu ualimu katika chuo kikuu, akafundisha Kiingereza katika shule ya sekondari kwa miaka kumi. Mlango ule ulifungwa mbele yake, ukafunguliwa kwa kijana ambaye hajapata kusimama darasani, kwa sababu kijana yule alizaliwa mahali fulani na yeye alizaliwa pengine. Hakuna hata mmoja wao aliyefanya kazi ili azaliwe alikozaliwa.

Fikira hii ya kumtukuza mzawa wa lugha ina historia, na sehemu ya historia hiyo ipo hapa kwetu Afrika ya Mashariki. Mwezi wa Januari mwaka 1961 wajumbe wa nchi za Jumuiya ya Madola walikutana Makerere, Uganda, kuzungumza juu ya kuwafundisha Kiingereza watu ambao si lugha yao ya kwanza. Miaka thelathini na mmoja baadaye, yaani 1992, mtaalamu Robert Phillipson alitoa kitabu ambamo alidai kuwa mkutano ule ulisaidia kueneza imani tano zisizo na msingi imara. Mojawapo ni kwamba mwalimu bora wa Kiingereza ni yule aliyezaliwa nacho. Walimu wenyewe nao walianza kuikana imani hiyo. Mwaka 2006 chama cha kimataifa cha walimu wa Kiingereza kiitwacho TESOL kilitoa tamko la kupinga ubaguzi dhidi ya walimu ambao Kiingereza si lugha yao ya kwanza.

Yafaa tumsikilize pia mwenye kutetea imani hiyo, kwa maana hukumu ya upande mmoja si hukumu. Yeye husema: Mzawa ana sikio la lugha. Hulitambua kosa bila ya kufungua kitabu. Hujua mizaha, nahau na misemo ambayo mgeni huipata kwa taabu. Na mzazi alipaye ada ana haki ya kumtaka mwalimu ambaye matamshi yake ni ya kwao. Maneno haya yana ukweli ndani yake. Mzawa ana akiba ambayo mgeni huikusanya kwa miaka mingi. Lakini kuwa na akiba ni jambo moja, na kujua kuigawa ni jambo jingine. Waswahili husema kuwa penye miti hapana wajenzi.

Jaribu wewe mwenyewe. Sisi husema rafiki mwema, wala hatusemi rafiki njema. Lakini tukitaja aliye naye, husema rafiki yangu, wala hatusemi rafiki wangu. Kwa nini neno lile lile lifuate njia mbili? Watu wengi waliokunywa Kiswahili pamoja na maziwa ya mama watakujibu kuwa ndivyo isemwavyo, kisha watanyamaza. Jibu hilo ni la kweli, lakini halimsaidii mgeni. Mwalimu aliyejifunza atasema kuwa neno rafiki kwa umbo lake ni la jamii moja na nyumba na ngoma, ila kwa maana yake ni kiumbe chenye uhai. Kwa hiyo sifa na kitendo hufuata maana, ilhali neno la umilikaji hufuata umbo, kama tusemavyo ndugu yangu na dada yangu. Pengine mwalimu huyo si mzawa. Pengine aliijua sababu hiyo kwa kuwa yeye mwenyewe aliwahi kukosea, akauliza, akaelezwa.

Hiyo ndiyo faida ya mtu aliyejifunza lugha ukubwani: anaikumbuka njia aliyopita. Joseph Conrad alizaliwa mwaka 1857 katika jamaa ya Kipolandi, akajifunza Kiingereza akiwa kijana wa kama miaka ishirini katika kazi ya ubaharia. Hata mwisho wa maisha yake matamshi yake yalikuwa ya kigeni, lakini riwaya zake zimewekwa katika safu ya mbele ya vitabu vya Kiingereza. Askofu Edward Steere alikuwa Mwingereza, naye mwaka 1870 alichapisha kitabu cha kufundishia Kiswahili cha Unguja, ambacho wageni wengi walijifunza kwacho. Steere hakuzaliwa na Kiswahili. Alikipata kwa wenyeji, naye akawa na deni kwao. Lugha basi huwa ya mtu kwa kazi aliyoifanya juu yake, kama shamba linavyomjua mwenye jembe.

Sasa, msomaji, tugeuze kioo kitutazame sisi. Ni rahisi kuona udhalimu unaotuumiza, na ni vigumu kuona ule unaotupendeza. Leo Kiswahili nacho kinasafiri. Kwa mpango wa Fulbright, vijana wa Kenya na Tanzania hupelekwa katika vyuo vikuu vya Marekani kusaidia kufundisha Kiswahili. Mwaka 2018 Serikali ya Afrika ya Kusini ilitangaza kuwa itakiweka Kiswahili miongoni mwa masomo ya hiari katika shule zake. Mwaka 2021 shirika la UNESCO liliitenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Milango inafunguka, na safari hii sisi ndio tunaoonekana kuwa wazawa.

Je, tutasema nini? Tutamwambia mwalimu wa Kizulu aliyejifunza Kiswahili kwa bidii akae kando, kwa kuwa sisi tumetoka pwani au Nairobi? Tutakwenda na ulimi mtupu, tuwafundishe watoto wa wenzetu lugha ambayo hapa nyumbani tuliidharau, tukaichanganya ovyo na kuipita katika mtihani kwa bahati? Tukifanya hivyo tutakuwa tumelirithi lile lile tulilolilalamikia. Kipimo cha haki ni kimoja: ukikiona kizuri kinapokunufaisha, na kibaya kinapokudhuru, basi hukuwa na kipimo, ulikuwa na tamaa.

Kuna jambo jingine ambalo cheti chochote hakiwezi kulitia ndani ya mtu, nalo ni heshima kwa lugha ya wale anaowafundisha. Historia ya shule za Kenya inalo somo chungu katika jambo hili. Katika shule nyingi, mtoto aliyesikiwa akisema lugha ya mamaye alivishwa kibao shingoni, akacheka kila mtu, kisha akaadhibiwa. Alijifunza Kiingereza, naam. Lakini pamoja nacho alijifunza kuionea aibu sauti ya mama yake. Mwalimu aliyemvisha kibao alifikiri amempa mali, wala hakuhesabu kile alichomnyang'anya. Mwalimu wa lugha aendaye ugenini yumo katika hatari hiyo hiyo, awe Mwingereza nchini Korea au Mkenya nchini Marekani. Dawa yake ni moja: ajifunze lugha ya wenyeji wake. Akiwa mwanafunzi jioni atakuwa mwalimu mwema asubuhi, kwa kuwa atajua jinsi inavyouma mtu kuchekwa kwa kosa la matamshi, na jinsi inavyotia nguvu kusifiwa kwa sentensi moja iliyonyoka.

Kwa hiyo, ukiulizwa nani astahili kufundisha lugha, usijibu upesi kwa kutaja nchi wala rangi ya pasipoti. Cheti kina thamani, maana ni ushahidi kwamba mtu alikubali kusahihishwa. Kuzaliwa na lugha kuna thamani, maana ni akiba. Lakini wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Nasi twaweza kusema kuwa kuwa na lugha si kazi, kazi ni kumlea mtu mwingine ndani yake mpaka asimame kwa miguu yake.

Na wewe kijana, ukipata nafasi ya kwenda, nenda. Lakini kabla hujatia sahihi yako katika mkataba, jiulize mambo matatu. Je, nimejifunza namna ya kufundisha, au nategemea ulimi wangu tu? Je, niko tayari kuwa mwanafunzi wa watu nitakaowafundisha? Na nikiondoka, watakuwa wamebaki na kitu ambacho wasingekipata bila mimi? Ukiweza kujibu ndiyo kwa moyo mnyofu, basi unastahili, hata kama dunia haijakufungulia mlango. Ukishindwa, hujachelewa: baki kidogo, jifunze, kisha uende. Watoto wanaokungoja hawatakuuliza ulizaliwa wapi. Watakuuliza maana ya neno wasilolijua, na watastahili jibu la kweli.